Mgonjwa si Mteja Tu

Muhula uliopita nilipata homa. Bima ya Mutuelle ninayo, na kituo cha afya ningelipa kiasi kidogo tu. Lakini niliikwepa foleni, nikaingia famasi moja hapa Kigali na kuagiza antibiotiki kama anayeagiza soda. Nikauziwa. Siku ya nne nilianguka nikielekea swala ya Alfajiri. Kumbe ilikuwa malaria.

Je, mgonjwa ana haki ya kuchagua? Ndiyo. Fiqhi inahitaji idhini yake kabla ya kutibiwa. Lakini katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) anambebesha dhamana anayetibu bila kujulikana kwa utabibu. Nami nilijifanya tabibu wa nafsi yangu, ilhali mwili ni amana. Wanachuoni huitumia aya ya 43 ya An-Nahl kutufundisha kuwauliza wajuzi.

Wengine hulalamika kwamba Mutuelle, kwa utaratibu wake wa rufaa, inawanyima uchaguzi. Tukumbuke kuwa mfuko huo ni ta'awun: mzima humchangia mgonjwa. Mteja huuliza, "Nataka nini?" Muumini aulize pia, "Kipi kitanifaa?"

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.