BAISKELI YA ZAMANI IMEKUJA NA MZIGO? KABLA YA KUPIGA RANGI, SOMA NAMBA

Somo hili ni la wale mnaochambua baiskeli za mtumba na kuziuza mtandaoni. Kuna zile za Kimarekani zinaitwa kruza: tairi nene, hendeli pana, siti kubwa, breki unakanyaga pedali kurudi nyuma. Ikitoka kwenye kontena na kutu, wengi wetu wazo la kwanza ni msasa na rangi mpya ili picha ing'ae.

Subiri kwanza. Anayetafuta kruza ya zamani hanunui usafiri tu, ananunua umri na uhalisi. Rangi ya kiwandani, hata ikichubuka, ni ushahidi. Ukiisugua umeishusha bei kwa mkono wako mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Schwinn ya Chicago, jina kubwa kwenye kruza.

1. JINA PEKE YAKE HALITOSHI
Kampuni ilianza 1895, ikafilisika 1992, jina likauzwa na baiskeli mpya zinaendelea kulibeba. Hata Black Phantom, iliyotoka mara ya kwanza 1949, ilitengenezwa tena 1995 kusherehekea miaka 100 ya kampuni, sura ile ile. Ya 1995 nayo ina wateja wake, ila huwezi kuiuza kama ya 1950.

2. TAFUTA NAMBA YA FREMU
Mahali ilipogongwa panakuambia kitu. Chini kabisa, panapopita ekseli ya pedali: hadi karibu 1952. Nyuma upande wa kushoto, panapokaa ekseli ya gurudumu: kuanzia hapo hadi 1970. Mbele, kwenye bomba lililo chini ya hendeli: 1970 na kuendelea.

Kuanzia 1965 namba inaanza na herufi mbili. Ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka. A ni Januari, na A ya mwaka ni 1965. Herufi I na O zinarukwa. Kwa hiyo DB ni Aprili 1966, na EJ ni Mei 1973. Kumbuka huo ni mwezi namba ilipogongwa, baiskeli yenyewe inaweza kuwa imekamilika baadaye kidogo.

3. PAPASA MAUNGIO
Kruza nyingi za Chicago za baada ya vita, pale mabomba yanapokutana chini ya hendeli ni laini, kama yamemiminwa pamoja. Stendi nayo imejengwa ndani ya fremu, haijafungwa kwa bolti. Ukikuta stika ya Schwinn halafu hivi vyote havipo, usiandike Chicago.

4. KAGUA VIPURI KIMOJA KIMOJA
Fremu inaweza kuwa ya 1966, magurudumu ya juzi. Angalia habu ya nyuma: maandishi ya Bendix au New Departure ni dalili nzuri. Hesabu kilichopo na kisichopo: tangi la urembo, taa, keria, madgadi. Kila kinachokosekana kinashusha bei, maana kukipata ni kazi.

Mtego mkubwa uko kwenye tairi. Schwinn nyingi zinatumia 26 x 1¾. Hiyo SIYO 26 x 1.75 ya madukani. Rimu ya kwanza ni milimita 571, ya pili ni 559, tairi haiingii. Mwambie mteja kabla hajalipa.

5. PANGA BEI
Usiangalie bei walizoandika wauzaji, angalia bei ambazo mzigo umeuzwa kweli: modeli ile ile, mwaka ule ule, hali ile ile. Halafu toa vinavyokosekana.

6. SAFISHA KWA UPOLE
Sabuni, maji kidogo, kitambaa laini. Kutu ya kwenye kromu isugue kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Rangi iache.

Kwenye posti weka picha ya namba, nembo, habu, maungio na sehemu zenye kutu. Andika wazi: "Fremu ya 1966, rangi ya kiwandani, magurudumu yamebadilishwa." Neno "orijino" litumie kwa kile ulichokikagua tu.

Wateja wa vitu vya zamani mara nyingi wanavijua kuliko sisi. Ukiongeza miaka watakukamata, na pesa utarudisha. Wakikuta mzigo uko kama ulivyoandika, safari ijayo wataanzia kwako.