Hesi ya Bomba Isifungwe Kavu

Mlima Salaita umesimama peke yake katika nyika iliyo kati ya Voi na Taveta, nchi ya miiba na vumbi ambako maji ni haba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lililojiandaa kuushambulia mlima huo lililazimika kuvuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Shambulio la tarehe 12 Februari 1916 lilishindwa, na Wajerumani waliuacha mlima mwezi wa Machi walipoona kwamba watazungukwa. Vita vilikwisha, lakini nyika ni ile ile: maji husafiri mbali kabla ya kumfikia mtu, na kila kiungo cha bomba ni mahali yanapoweza kupotea.

Kiungo kinachodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku. Kwa mwaka mmoja hayo ni zaidi ya madebe 80 ya lita 18. Mara nyingi kosa si la bomba, bali ni la namna lilivyofungwa.

Mabomba madogo ya chuma huungwa kwa hesi, yaani mifuo inayozunguka mwisho wa bomba. Kipimo cha Kiingereza kinachotumika Kenya kilitokana na kazi ya fundi Joseph Whitworth, aliyeitangaza mwaka 1841. Bomba la nusu inchi lina mizunguko 14 katika kila inchi ya urefu. La inchi moja lina 11. Hesi ya bomba hukatwa ikipungua unene kuelekea mwisho, kwa kadiri ya 1 katika 16. Kwa hiyo bomba likizungushwa ndani ya soketi hukaza kama kabari katika gogo.

Hapo ndipo msuguano unapoleta udanganyifu. Chuma kinachoonekana laini kina vilima na mabonde madogo mno. Vyuma viwili vikavu vikibanwa pamoja, vilima hivyo hushikana, hung'oana na kuchimba mifuo. Chuma kikavu juu ya chuma huweza kuzuia mwendo kwa zaidi ya nusu ya nguvu inayovibana. Kikipakwa mafuta, kizuizi hushuka hadi karibu sehemu ya kumi. Fundi afungaye hesi kavu huona spana imegoma, akadhani kiungo kimekaza. Kumbe nguvu zake zimeliwa na msuguano, na kabari haijafika mahali pake.

Hata hivyo, mafuta peke yake hayazuii maji, maana baina ya mifuo hubaki njia nyembamba. Ndiyo sababu mafundi huzungushia nyuzi za katani na kupaka dawa ya viungo, ambayo hulainisha na kuziba kwa pamoja. Siku hizi wengi hutumia utepe mweupe wa plastiki telezi iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938. Utepe huo hufuata upande wa kufungia, usije ukafumuka. Rangi nyekundu ya risasi, iliyotumiwa na mafundi wa zamani, haifai kabisa kwa maji ya kunywa, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu. Kwanza hesi husafishwa kwa brashi mpaka vumbi na vipande vya chuma viishe. Kisha hupakwa dawa, hufungwa kwa mkono hadi mkono ushindwe, ndipo spana iongeze mzunguko mmoja au miwili. Asiyejua huongeza tena na tena. Lakini hesi iliyolainishwa huingia kwa wepesi, na kabari ikipita kiasi hupasua soketi. Wala kiungo kilichokazwa kisirudishwe nyuma ili kunyoosha bomba, maana kizibo hukatika; hapana budi kukifungua, kukisafisha na kuanza upya.

Fundi afuataye utaratibu huu huokoa maji ambayo mtu mwingine angeyafuata kwa miguu, debe likiwa kichwani.