Tuendeje Karamu ya Kazini?

Kila mwaka kipupwe kinapoingia, nasi huku Misungwi tukiwa twachuma pamba, kampuni nyingine hufunga hesabu zao za mwezi wa Juni na kuwaalika wafanyakazi karamuni. Wengine hufurahi. Wengine huuliza: niende, au nikae nyumbani na watoto? Swali hili si dogo, maana ziko nyumba zilizopoteza amani yake usiku mmoja wa namna hiyo.

Karamu ya wafanya kazi si jambo geni kwetu. Tangu zamani Wasukuma wana vyama vya kulima, na Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo hufungamana na sikukuu ya Ekaristi, nayo huitwa Bulabo, yaani maua. Maana yake ni wazi: walioshika jembe pamoja wafurahi pamoja. Kwa hiyo twajibu: nenda. Lakini yakumbuke mambo matatu.

Kwanza, karamu ni ya wote. Tulipata kuketi katika karamu moja ambapo mlinzi alisimama langoni akinusa nyama hata sahani zikaisha. Hakuna aliyemkumbuka, wala sisi. Tangu siku ile twaona haya. Mwajiri na awawekee fungu lao walio zamu, na vibarua pia. Nawe ukae karibu na mfagizi kama ukaavyo karibu na meneja.

Pili, karamu si mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa juma. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ng'ombe aliyechinjwa uwanjani hafuti deni hilo. Kula kwa shukrani, na haki yako uidai kwa adabu siku ya kazi.

Tatu, pana mpaka. Asiyetaka pombe asishurutishwe. Binti aliyeajiriwa kuandika hesabu hakuajiriwa kucheza na wakubwa. Akikataa, asichukiwe, na wenzake wa kiume wasimame upande wake. Mwenye mke au mume aende naye, ikiwa mwaliko waruhusu. Kama hauruhusu, aseme saa ya kurudi na kuitimiza. Aliyelewa asishike usukani wala asipande pikipiki. Zamani mtu wa Sengerema aliweza kukisingizia kivuko cha Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, limefunguliwa, na udhuru huo umekwisha.

Ninyi wazazi, zungumzeni mambo haya nyumbani kabla ya siku yenyewe, si baada yake. Karamu njema hujulikana asubuhi: baba au mama aamka na fedha ya ada ingalipo, awatazama watoto usoni, kisha arudi kazini asione aibu mbele ya mtu yeyote, hata mlinzi wa langoni.