Kisu cha Porini: Jinsi ya Kuchagua Chuma na Kumwagiza Mhunzi



Somo letu safari hii linahusu chombo kidogo ambacho kwa kawaida hakiwekwi katika ajenda za mikutano, nacho ni kisu. Mfuga nyuki wa Sikonge, Urambo au Mlele anapoingia katika misitu ya miombo kwenda kurina asali, hukaa kambini siku nyingi, mbali na duka na mbali na zahanati. Kwa kisu chake hukata masega, huchonga vigingi, hukata kamba za magome, hupasua kuni ndogo na hutayarisha chakula. Kisu kikivunjika kazi husimama; na kikivunjika vibaya, mkono ndio unaolipa.

Upande wa pili ni fedha. Chama kinaponunua zana kwa wingi na kuwakopesha wanachama, deni hukatwa katika malipo ya asali. Kisu kikivunjika katikati ya msimu, deni halivunjiki. Mwanachama huendelea kulipia kitu asichokuwa nacho, naye humwuliza katibu wake, wala hamwulizi mwenye duka.

Kwa hiyo neno kuu la somo hili ni moja: kisu hununuliwa kwa jaribio, hakinunuliwi kwa jina la chuma wala kwa mng'aro wa bapa lake.

1. KWANZA IJULIKANE KAZI

Kisu cha kambini si panga. Kukata miti na kufyeka njia ni kazi ya panga na shoka. Kisu ni cha kazi ya mkono ulio karibu. Bapa la sentimeta 10 hadi 13 hutosha, na unene wa mgongo uwe milimita 3 hadi 4. Bapa jembamba kuliko hapo hupinda. Nene kupita kiasi huwa kabari, wala halikati sega vizuri.

Kisu cha kukunja hakifai kwa kazi hii. Kiungo chake ndicho mahali pake dhaifu, na asali na nta zikiingia humo hukwama. Kitakiwe kisu kisichokunjwa, ambacho msuka wake ni mpana na unafika hadi mwisho wa mpini, ukishikwa na ribiti mbili au tatu. Msuka mfupi na mwembamba uliochomekwa kwa moto ndani ya mti huanza kucheza, kisha hutoka au hukatika.

Mpini uwe na urefu wa sentimeta 11 au 12, usiwe na pembe kali, na uwe na kizuizi mbele ili kidole kisiteleze kwenye makali mkono ukiwa na asali. Mninga ni mti mzuri kwa kazi hiyo, kwa sababu haunywei sana unapokauka. Mabaki ya karakana ya seremala yanatosha. Hakuna haja ya kukata mti msituni kwa ajili ya mipini.

2. CHUMA LAINI NA CHUMA CHA PUA

Kinachotenganisha chuma laini na chuma cha pua ni kaboni, kitu kile kile kilicho kingi katika mkaa. Kaboni ikiwa ndogo, chuma hakikomai hata kikitiwa majini mara kumi. Ikiwa ya kutosha, hukomaa na kushika makali. Ikizidi, chuma huwa kigumu lakini kikavu, na huvunjika upesi kisipotunzwa vema motoni. Mhunzi hupata chuma chake katika vitu vilivyokwisha kutumika, na katibu yampasa avijue.

(a) Nondo, mabomba na vyuma vya madirisha. Kwa kawaida kaboni yake haifikii asilimia 0.3. Kisu chake hung'aa dukani na kulala makali siku ya kwanza. Kikataliwe.

(b) Mabapa ya springi za lori. Yana kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65 hivi, na mara nyingi kromi kidogo. Chuma hiki kiliundwa kwa kuvumilia kupinda na kurudi, na kwa kisu cha porini ndicho chaguo la kwanza. Hatari yake ni kwamba springi iliyokwisha kuchoka inaweza kuwa na ufa usioonekana. Mhunzi achague kipande kilicho mbali na tundu na mahali palipovunjika. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haitusaidii, maana ufa wa chuma hauzibwi; kipande hutupwa.

(c) Tupa kuukuu na beringi. Kaboni yake ni asilimia 1 hivi au zaidi kidogo. Hutoa makali yanayodumu, lakini zinataka mhunzi stadi, la sivyo kisu huvunjika kama kigae. Tena tupa nyingine za bei ndogo zimekomazwa ngozi ya juu tu.

(d) Chuma kisichoshika kutu. Kina kromi ya asilimia 10.5 au zaidi. Ni kizuri kwa kazi ya asali, lakini ili kikomae kinataka joto la nyuzi 1,000 na zaidi za sentigredi, kwa muda uliopimwa. Tanuru la mkaa haliwezi kazi hiyo kwa uhakika. Kisu cha aina hii kikihitajika, kinunuliwe kilichotengenezwa kiwandani. Mhunzi wa kijijini asiagizwe. Na kijiko kung'aa si dalili kwamba kitakuwa kisu: vyuma vingi vya vijiko havikomai kabisa.

(e) Misumari na vyuma vya reli. Misumari ya reli huwa na kaboni kidogo, kwa hiyo haifai. Kubwa kuliko hilo, ni mali ya umma. Chama kinachopokea visu vilivyofuliwa kwa vyuma vya reli, au vya nguzo za umeme, kimepokea mali ya wizi. Katibu amtake mhunzi aeleze kwa maandishi chuma amekipata wapi.

Njia moja ya kutambua chuma ni cheche. Kipande kikigusishwa kwenye grenda, chuma laini hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kama nyota. Anayejaribu avae miwani ya kukinga macho.

3. MOTO WA MHUNZI

Wahunzi wawili wakipewa springi moja wakaigawana, mmoja anaweza kutoa kisu cha miaka kumi na mwingine cha wiki moja. Tofauti imo katika moto. Si lazima katibu ajue kufua chuma, lakini ajue hatua tatu ili aweze kuuliza.

Hatua ya kwanza ni kukomaza. Bapa hupashwa hadi lisishikwe tena na sumaku, yaani nyuzi 770 hivi, kisha huongezwa joto kidogo na kuzamishwa. Chuma cha springi huzamishwa katika mafuta yaliyopashwa kidogo. Maji hupoza upesi mno na huweza kukipasua.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Chuma kilichokomazwa sasa hivi ni kikavu kama kioo, hivyo lazima kipashwe upya kwa joto dogo ili kipate uvumilivu. Bapa husafishwa hadi ling'ae, kisha hupashwa polepole huku rangi yake ikitazamwa. Rangi ya majani makavu ni nyuzi 200 hadi 230 hivi, nayo yafaa kwa makali ya kisu. Kahawia ni 250 hivi. Buluu ni karibu 300, nayo yafaa kwa mgongo, kwa kuwa mgongo hautakiwi kukata bali kuvumilia.

Hatua ya tatu ni kunoa. Mhunzi akinoa kwa grenda bila kupoza kwa maji, makali huingia rangi ya buluu, na kazi yote iliyotangulia hupotea. Kisu chenye doa la buluu kwenye makali kikataliwe hata kama kinanyoa nywele siku hiyo.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba mafundi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ufipa kulikuwa na matanuru ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, na Upareni ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Kumwagiza mhunzi wetu si kumfadhili. Ni kumpa kazi anayostahili, kwa masharti anayostahili kuyatimiza.

4. MAJARIBIO MANNE

Viwandani ugumu wa chuma hupimwa kwa mashine, na visu vya porini huwekwa mara nyingi kati ya 55 na 59 katika kipimo cha Rockwell. Chama cha msingi hakina mashine hiyo. Kina tupa, jiriwa na macho, navyo vinatosha.

Jaribio la tupa: Pitisha tupa kali kwenye makali kwa nguvu ndogo. Ikiuma chuma kwa wepesi kama inavyouma nondo, kisu hakikukomazwa. Ikiteleza, au ikiuma kwa shida, ni vema.

Jaribio la makali: Laza makali juu ya ufito wa shaba ya manjano ulioshikwa na jiriwa, ukandamize kidogo. Makali mazuri hupinda kidogo sana na kurudi. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kikavu mno.

Jaribio la kupinda: Bana ncha sentimeta 3 ndani ya jiriwa, uvute mpini hadi bapa liiname kidogo, nyuzi 15 hivi za pembe, kisha uachie. Bapa lazima lirudi sawa. Anayejaribu avae glavu na miwani, na watu wengine wasimame mbali.

Jaribio la kazi: Chonga gogo kavu mapigo hamsini, kisha ukate kamba. Kisu kikikata kamba bila kusugua, kimefaulu. Baada ya hapo kilowekwe mpini usiku kucha, kikaushwe kivulini, na uangaliwe kama unacheza.

5. MAPATANO NA MHUNZI

Kwanza, pawe na mchoro wenye vipimo vyote. Pili, mhunzi atengeneze visu vitano vya majaribio, vilipwe, na vipelekwe kambini pamoja na warinaji wanaoaminika. Tatu, kimoja kilichofaulu kiwekwe ofisini na lakiri ya chama, kiwe kielelezo. Nne, kila kisu kipigwe namba. Tano, katika kila visu kumi, kamati ichague kimoja yenyewe na kukijaribu; kikishindwa, kumi hao wote wakaguliwe kimoja kimoja. Sita, malipo ya awali yasizidi theluthi, na salio lilipwe baada ya hati ya kupokea mali kutiwa sahihi. Saba, iandikwe kwamba kisu kitakachovunjika msimu wa kwanza kwa kazi ya kawaida kitabadilishwa bure.

Mwanachama atie sahihi dhidi ya namba ya kisu chake, na deni liingizwe katika leja siku hiyo hiyo, wala si kabla.

6. HESABU

Tuchukue mfano. Chama kina warinaji 40. Kisu cha dukani tuseme ni Sh. 8,000, nacho humaliza msimu mmoja. Kwa misimu mitano kila mwanachama atalipa Sh. 40,000, na wote pamoja Sh. 1,600,000. Kisu cha mhunzi tuseme ni Sh. 22,000, nacho hutumika misimu mitano: wote pamoja Sh. 880,000. Tofauti ni Sh. 720,000. Lakini hesabu hii ni ya kweli endapo tu kisu kitadumu misimu hiyo mitano. Bila majaribio, bei kubwa ni hasara kubwa.

7. UTUNZAJI

Chuma cha springi hushika kutu, na asali ni chachu na ina maji. Kila jioni kisu kioshwe, kikaushwe, na kipakwe nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo. Kisilale ndani ya ala ya ngozi iliyolowa.

Onyo la mwisho ni kwa warinaji. Wako wanaopasha kisu katika moto wa kambi ili kikate sega kwa wepesi. Makaa mekundu hupita nyuzi 700, na kazi ya mhunzi hufutika kwa dakika moja. Kisu kipashwe kwa maji ya moto. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, hivyo hulainisha nta bila kulegeza chuma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Visu vilivyogawiwa na chama chenu msimu uliopita vimebaki vingapi? Leja yaonyesha nini?
2. Mhunzi wa jirani anapata chuma wapi, naye huzamisha bapa katika nini?
3. Nani katika kamati atafanya majaribio, na matokeo yataandikwa katika daftari gani?
4. Mwanachama akirudisha kisu kilichovunjika, chama kitajuaje kama kosa ni la chuma, la mhunzi au la moto wa kambi?

Majibu ya kikundi yaandikwe na kusomwa kabla mkutano haujapitisha ununuzi wa visu vya msimu ujao.