MOTOKAA IKILALA MIEZI MINGI

Mwenye ng'ombe akisafiri humtafuta mtu wa kumkabidhi mifugo yake, ipate maji na malisho mpaka atakaporudi. Lakini mwenye motokaa hufunga milango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake miezi minne au sita pasipo wasiwasi, kwani adhani ya kuwa chuma hakioni njaa wala kiu. Ni kweli, chuma hakili, lakini huliwa. Maji na hewa hukila, na kikisimama tu hukila kwa nafasi.

Neno hili lawahusu watu wengi wa mashamba. Mwalimu huitwa kozi ya nusu mwaka. Mzee huenda mjini kutibiwa, akakaa kwa mwanawe. Na masika ya Machi mpaka Mei hufunga njia nyingi za udongo mweusi hata motokaa zisiweze kupita. Tena mahali penye motokaa moja tu, hiyo si mali ya mwenyewe peke yake. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, watu hukimbilia mlango ule ule, na motokaa iliyoachwa ovyo tangu mavuno yaliyopita haitatoa hata sauti.

Kwanza twataka kuondoa dhana moja iliyoenea sana. Watu husema, "Mwachie kijana ufunguo, aiwashe dakika 5 kila juma." Wasemao hivyo wana nia njema, lakini ushauri huu mara nyingi una hasara kuliko kuiacha kimya. Petroli ikiungua haitoi moshi tu, hutoa na maji. Lita moja ya petroli ikiisha kuungua huzaa karibu lita moja ya maji, nayo hutoka kwa namna ya mvuke. Motokaa iliyo safarini, injini yake na bomba lake la moshi hupata moto sana, na mvuke ule hutoka nje. Lakini katika dakika 5 bomba halijapata moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji humo humo na kulitoboa bomba kwa kutu, na mwingine hupenya hata ndani ya oili. Tena stata hunyonya umeme mwingi kwa mara moja, na dakika 5 za kunguruma polepole hazitoshi kuurudisha wote. Basi kila juma betri hupungua kidogo, mpaka siku moja hufia mikononi mwa kijana yule, naye akalaumiwa bure.

Kama yuko mtu wa kuaminiwa, mwenye leseni, na bima ya motokaa haijaisha, na aiendeshe barabarani kama nusu saa kila majuma mawili. Hapo injini hupata moto wake kamili, betri hujaa, na magurudumu huzunguka. Kama mtu huyo hayupo, motokaa na ilale kabisa, ila ilazwe kwa utaratibu. Wala mtu asithubutu kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wake imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulegea akafa pasipo kujua kilichompata.

Kitu kifacho mbele ya vyote ni betri. Betri ya risasi na asidi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hupoteza umeme hata ikikaa bure, na kwenye joto hupoteza upesi zaidi. Na motokaa za siku hizi hazilali usingizi mzito: saa na king'ora cha wezi huendelea kunywa umeme usiku na mchana. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipimwa hali imetulia, huonyesha kama 12.6, ikionyesha 12.0 imekwisha karibu yote. Ikiachwa hivyo, chembe nyeupe hujijenga juu ya mabamba yake ya risasi na kuwa ngumu, hata ikitiwa umeme haipokei tena. Zamani mtu aliweza kuwasha motokaa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini. Motokaa za leo hazina tundu la chuma hicho, na zile zibadilishazo gia zenyewe haziwaki hata zikisukumwa na kijiji kizima.

Kwa hiyo betri na ifunguliwe. Huanzwa waya wa upande wa hasi, wenye alama ya kutoa, ndipo ule wa chanya. Wakati wa kufunga, hasi huwa wa mwisho. Sababu yake ni kwamba spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja kabla hasi haijaondolewa, cheche kali huruka na mkono waweza kuungua. Kabla ya kufungua, hakikisha mlango wafunguka kwa ufunguo wa mkono, si kwa kubonyeza kitufe tu. Kisha betri iwekwe mahali pakavu, itiwe umeme kila mwezi au miezi miwili, kwenye upepo, mbali na sigara na jiko, maana ikijazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Breki hazisemwi sana, nazo ndizo ziuazo. Motokaa ilazwayo isivutwe breki ya mkono, kwa sababu vipande vya breki hugandamana na chuma cha gurudumu kwa kutu. Itiwe gia, na magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na baada ya muda huozesha mirija kwa ndani. Desturi njema ni kuyabadilisha kila miaka 2. Mipira ijazwe upepo mpaka kipimo cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji, na motokaa isogezwe nusu mzunguko wa gurudumu kila mwezi, ili isikalie upande mmoja.

Petroli nayo huchacha. Sehemu zake nyepesi, zile zishikazo moto upesi, huruka, na kinachobaki hufanya gundi ya kuziba vijitundu vyembamba. Baada ya miezi 3 mpaka 6 haiaminiki tena. Tangi lijazwe, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi humo. Dizeli hudumu zaidi, lakini maji yakikaa chini yake vijidudu huota hapo na kufanya utelezi uzibao chujio. Oili iliyochakaa ina asidi. Ibadilishwe kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Rejeta isiachwe na maji matupu.

Mahali pa kuegesha pachaguliwe kwa akili. Mto Rufiji ulipofurika mwaka 2024, maji yalifika majumbani na mashambani. Basi mwinuko ni bora kuliko kivuli cha bondeni. Chini ya mwembe hapafai, kwa utomvu na matunda yaangukayo, wala juu ya majani mabichi, kwa unyevu upandao usiku. Pwani, chumvi ioshwe kwa maji baridi, hasa chini ya motokaa. Turubai la plastiki hufunika jasho ndani. Afadhali nguo ipitishayo hewa. Na panya! Hao hupenda injini kuliko ghala, hutafuna nyaya na kujenga viota vya pamba. Makombo yote yaondolewe, bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa vizibwe kwa kitambaa, na karatasi ifungwe kwenye usukani kueleza kilichozibwa, maana miezi 6 husahaulisha.

Siku ya kurudi, karatasi hiyo isomwe na vizibo vitolewe kabla ufunguo haujaguswa. Kagua oili, maji na mafuta ya breki, tazama chini kama kuna kilichovuja, fungua boneti uwatafute panya, kisha rudisha betri. Ikiisha kuwaka, iendeshwe mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, mahali patupu, na breki zikanyagwe mara kadhaa. Mlio wa kukwaruza mwanzoni ni kutu tu, nao hutoweka. Lakini kanyagio likizama mpaka chini, motokaa isitoke hapo mpaka fundi afike.