Kundi Lililoumizwa: Tutajuaje Kama Uongozi Umebadilika Kweli?

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 12:1-5, Ezekieli 34:1-10, 3 Yohana yote.



Wengi wetu hapa Kanama tulivuka mpaka na makanisa yetu mgongoni. Mtu hakuweza kubeba kitanda, lakini alikuja na mchungaji wake, kwaya yake, hata nabii wake. Sasa familia kadhaa zimeniuliza swali moja: kuna kundi waliloliacha kwa sababu viongozi waliwatisha, waliwatoza na kuwatangaza kanisani kwa aibu. Leo kundi hilo linawaita warudi, linasema mambo yamekuwa mapya. Je, warudi? Sitalitaja kundi hilo. Nitawaonyesha namna ya kupima, na kila baba na mama apime mwenyewe.

Tuanze na jambo linalojulikana na wote katika nchi hii iliyotupokea. Kanisa la ADEPR lilianzishwa na wamisionari wa Kiswidi pale Gihundwe, Rusizi, mwaka 1940 (wenzetu wa CEPAC watatambua ukoo huo). Mwezi wa tano 2017 viongozi wake wa juu walikamatwa, wakishtakiwa kutumia vibaya mabilioni ya faranga za kanisa. Habari hiyo ilihusu pia hoteli ya Dove kule Gisozi, Kigali, iliyojengwa kwa michango ya waamini. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, siyo yetu. Wakachaguliwa viongozi wengine mwaka huohuo. Watu wakashukuru Mungu, wakasema yamekwisha. Lakini Oktoba 2020 serikali, kwa njia ya RGB, ilisimamisha tena uongozi wote wa juu kwa sababu ya magomvi na usimamizi mbaya, ikaweka kamati ya muda ipange upya hata muundo wa kanisa. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita. Walibadilisha watu wakaacha kiti kilekile, chenye nguvu zilezile.

Kwa hiyo mkiambiwa "tuna mchungaji mpya", ulizeni: huyu mpya anaweza kukatazwa na nani? Kama jibu ni "na Mungu tu", ndugu zangu, hapo hamna jipya.

Wala kibao kipya mlangoni hakitoshi. Kenya, Paul Mackenzie alisema amelifunga kanisa lake mwaka 2019. Waliomwamini wakamfuata msituni Shakahola, na tangu 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa kule. Jengo lilifungwa, lakini kundi liliendelea kumtii.

Serikali nayo ina vipimo vyake. Sheria ya mwaka 2018 ilidai mhubiri mkuu awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, na mwaka 2024 maelfu ya nyumba za ibada zilifungwa kwa kukosa masharti ya usalama, usafi na karatasi. Mimi nimesoma chuo cha Biblia na ninakiheshimu. Hata hivyo mkaguzi anaona choo, paa na diploma. Haoni jinsi mjane anavyosemeshwa akichelewa kutoa fungu la kumi.

Nani basi anayeona? Yule aliyeondoka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Waliobaki watakuambia amani imerudi, na pengine ni kweli kwao, maana aliyekuwa akiuliza maswali ameshafukuzwa. Mtafuteni aliyetengwa. Je, kuna mtu amekwenda nyumbani kwake, akataja kosa kwa jina lake, akaomba msamaha bila kuongeza "lakini na wewe"? Je, aibu aliyotangaziwa mbele ya kanisa imeondolewa mbele ya kanisa lilelile, au ameitwa kwa siri nyuma ya nyumba? Zakayo hakuishia kulia. Katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne.

Angalieni pia Samweli. Alikuwa mzee, mwenye sifa, na wanawe walikuwa wala rushwa (sura ya 8 haifichi). Akasimama mbele ya Israeli wote, mfalme akiwa shahidi, akauliza alimnyang'anya nani ng'ombe au punda, akajitoa kulipa. Swali alilileta yeye mwenyewe! Kundi lenu likiwa limepona, mtaliona katika siku ya hesabu: daftari la sadaka linasomwa, mama muuza nyanya wa soko la Mahoko anainua mkono, anauliza, na Jumapili ijayo bado anasalimiwa. Paulo naye hakukubali kubeba mchango peke yake (2 Wakorintho 8:18-21).

Wengine watasema kupima hivi ni kumsengenya mtumishi wa Bwana. Someni 3 Yohana. Diotrefe alipenda kuwa wa kwanza, akawafukuza waliopokea wageni, na Yohana alimtaja waziwazi katika barua.

Kuhusu muda, msiharakishwe. Kusamehe mnaweza leo, hapahapa kwenye mkeka. Kurudi chini ya fimbo yake ni jambo jingine, na anayewalazimisha kuunganisha hayo mawili ameshajibu swali lenu. Hasa jihadharini na anayesema jina lenu la kupelekwa ng'ambo litakwama msiporudi. Majina hayo hayashikwi na mchungaji yeyote.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni 3 Yohana kwa sauti, akina mama waanze kusema kwanza. Kisha jadilini: katika kundi letu sisi wenyewe, mtu wa mwisho kumkatalia mchungaji jambo ni nani, na leo anaabudu wapi?