Gari Likikuzimikia Njia ya Bwera

Kutoka Kasese hadi Mpondwe ni lami, na dereva mwenye haraka huiona njia fupi. Unashuka kusini hadi Kikorongo, unakata kulia, unapita Kinyamaseke, unaingia Bwera, na mpaka huo hapo. Lakini katika safari hiyo moja kuna joto la bonde, kuna wanyama, kuna mito inayoporomoka kutoka Rwenzori, na kuna malori marefu yanayokimbilia Kongo. Gari likizima, cha kufanya kinategemea limezimia wapi. Basi kabla hujagusa boneti, jiulize uko wapi.

Na kabla hata ya hilo, litoe gari barabarani. Injini ikikata gari likiwa kwenye mwendo, washa taa za hazadi, weka gia huru, na utumie kasi iliyobaki kuingia pembeni kushoto, mbali na kona. Usukani utakuwa mzito na breki ngumu, kwa sababu injini haizisaidii tena. Kaza mikono, kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie. Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea; usukani unaweza kujifunga.

Ukishasimama, vuta handibreki. Abiria washuke kwa mlango wa kushoto, upande usio na magari, wavuke mtaro na wasimame huko. Asibaki mtu mbele ya gari wala nyuma yake. Wanaokaa wakiegemea bampa wakisubiri fundi ndio wanaogongwa. Agizo hili la kushuka lina sehemu moja lisipofaa, yaani ndani ya hifadhi, na nitaifikia.

Weka pembetatu hatua 70 au zaidi nyuma ya gari. Ukizimia karibu na kona, ipeleke kabla ya kona, si baada yake, maana dereva anayetokea kule anahitaji kuiona mapema. Huna pembetatu? Kata matawi uyapange pembeni ya lami, kama madereva wa malori wanavyofanya. Usiku, matawi peke yake hayatoshi. Mtu mmoja aliyevaa rifleta asimame nje ya lami akiwa na tochi, aimulike chini, asiwapige madereva machoni.

Sasa tuje kwenye ugonjwa mkubwa wa njia hii: gari kuchemsha. Bonde la Kasese lina joto, na magari mengi yanayopita hapa ni ya zamani na yamepakiwa kupita kiasi. Tazama geji ya joto kila baada ya dakika chache. Ikianza kupanda na bado hakuna mvuke, zima kiyoyozi, kisha fungua hita hadi mwisho, feni yake juu. Ndiyo, hita, na jua la Kasese likikuchoma. Hita inavuta joto la injini na kulileta ndani, na mara nyingi inakupa nafasi ya kufika mahali salama pa kusimama.

Mvuke ukitoka, hapo hakuna mjadala. Simama, zima injini, ngoja nusu saa au zaidi. Usiguse kepu ya radieta. Maji ya ndani yana presha, na ukiifungua yatakurukia usoni na mikononi. Injini ikipoa, funika kepu kwa kitambaa kinene, izungushe kidogo, acha isikike ikitoa pumzi, ndipo uifungue yote.

Ongeza maji polepole. Usimwage maji baridi mengi kwa mkupuo kwenye injini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Maji ya mtoni yatakufikisha kwa fundi, lakini huko mwambie ayamwage na aweke kulanti.

Halafu tafuta maji yalikokwenda. Tazama chini ya gari. Fuata hosi zote kwa macho, angalia kama mkanda wa feni umekatika, angalia kama feni inazunguka. Hosi ikiwa imechanika karibu na ncha, kata hapo palipochanika, irudishe na ukaze klipu. Ikiwa imechanika katikati, izungushie mpira wa chubu ya baiskeli na uufunge kwa nguvu, kisha acha kepu imelegea kidogo ili presha isijae. Hiyo ni dawa ya kukufikisha Bwera au kukurudisha Kasese taratibu, si ya kukupeleka Butembo.

Jambo moja la mwisho kuhusu kuchemsha. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Usiistati tena. Tafuta gari la kukuvuta.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka nayo ni amri ya kusimama pale pale. Taa ya njano unaweza kwenda nayo kwa fundi kwa upole. Nyekundu usibishane nayo.

Hifadhini sasa. Usipokata kulia Kikorongo, barabara kuu inaendelea kwenda Mbarara, na kati ya Kikorongo na Katunguru inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Humo kuna tembo, nyati na simba, na usiku viboko hutoka majini kuja kula majani. Ukizimia hapo, kaa ndani ya gari. Pandisha vioo, washa hazadi, simamisha gari linalofuata. Katika barabara hii magari hayakosekani mchana, na dereva wa lori hatakushangaa. Piga simu polisi, namba 999 au 112, na uwaombe wawaarifu askari wa wanyamapori.

Tairi likipata pancha humo, usiwe mwepesi wa kushuka. Endesha polepole juu ya pancha hiyo hiyo hadi mahali peupe pasipo na vichaka. Utaharibu tairi, na liharibike. Ukilazimika kulibadilisha, ngoja gari jingine lisimame karibu nawe, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia porini tu, si kushika spana. Kikorongo ikiwa karibu kuliko msaada, jikokote hadi huko.

Tembo akiwa barabarani, simama mbali na umwachie njia. Usipige honi. Usizime injini, na usilikaribie gari la mbele kiasi cha kukosa nafasi ya kurudi nyuma. Akitanua masikio na kukugeukia, anza kurudi taratibu. Hana haraka, na safari yako haimhusu.

Pancha ya kawaida, nje ya hifadhi, unaimudu mwenyewe. Tairi likipasuka kwenye mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, achia moto polepole, wala usikanyage breki ghafla. Ukisimama, weka jiwe kwenye tairi lililo mkabala wa kona unayoiinua. Legeza nati gari likiwa bado chini, kabla ya jeki. Ukiinua kwanza, tairi litazunguka na gari linaweza kuteleza kwenye jeki. Kwenye udongo, kama njia za kupanda milimani, weka kipande cha ubao chini ya jeki ili isizame. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati.

Kaza nati kwa kuruka, moja huku na nyingine mkabala wake. Baada ya mwendo wa dakika 20 hivi, simama uzikaze tena. Na spea yako ipimwe upepo kila unapojaza mafuta Kasese. Wengi huikuta bapa siku wanapoihitaji.

Betri ikifa, angalia vichwa vyake kwanza. Unga mweupe ukiwa umeganda pale, ufute, kaza, jaribu tena. Mara nyingi shida huwa hapo tu. Ukiazima moto kwa gari jingine, utaratibu ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ile cheche ya mwisho hutaki itokee juu ya betri yenye gesi. Gari la gia za mkono unaweza kulisukuma na kuachia klachi kwenye gia ya pili. La otomatiki usilisukume, utachosha watu bure.

Dizeli ikiisha kabisa, kumimina nyingine hakutoshi. Hewa imeingia kwenye mabomba. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, ndipo uistati. Na usivute mafuta kwa mdomo.

Ukienda au kutoka Mbarara, utakutana na mteremko mrefu wa Kichwamba. Ushuke kwa gia ndogo tangu juu, usisubiri breki zinuke. Breki zikigoma, pigapiga pedali haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta handibreki kidogo kidogo. Ikishindikana, ni bora kusugua ukingo wa upande wa mlima kuliko kuendelea na mteremko. Breki zikitoa moshi, zipumzishe bila kuzimwagia maji.

Kwenye barabara hiyo hiyo, katika senta ya Kyambura wilayani Rubirizi, lori la mafuta lilipata ajali na kushika moto Agosti 2019, na watu wengi wakafa. Kwa hiyo ukikuta tanka limeanguka, geuza. Usipige picha, usiwashe kitu, usikaribie na dumu hata kama watu wengine wanakinga mafuta. Piga 999 ukiwa mbali.

Mvua ina sheria zake. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na madaraja, na mito mingine ya wilaya ya Kasese, kama Nyamugasani na Lhubiriha, hujaa ghafla mvua ikinyesha mlimani, hata kama uliko wewe kuna jua. Maji yakipita juu ya barabara na huioni lami, usiingie. Maji ya sentimita 30 yaendayo kasi yanatosha kulinyanyua gari dogo. Injini ikizima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Ikiwa imemeza maji, vyuma vya ndani vitapinda na fundi atakutajia bei ya injini nzima. Toka, panda palipoinuka, liache.

Kukiwa na ajali yenye majeruhi, zima injini za magari yote na zuia uvutaji wa sigara. Bana jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi, usilegeze. Usimwinue majeruhi wa shingo au mgongo isipokuwa moto au magari yanamtisha. Njia hii ina hospitali ya Bwera, ya Kagando kule Kisinga, na ya Kilembe karibu na Kasese mjini. Mwambie anayekuja kukuchukua ni ipi iliyo karibu, usiseme tu "hospitalini".

Usiku karibu na mpaka, usilale kwenye gari lililokufa pembeni, na usiliache bila kumwambia mtu. Mpondwe haijasahau shambulio la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha, na gari geni gizani huwatia watu wasiwasi. Jitambulishe kwa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kiswahili kitakusaidia, na ukimalizia na "wasingya", yaani asante kwa Lhukonzo, watu watachangamka zaidi. Zima roaming pia. Simu hapo inaweza kurukia mtandao wa Kongo na kumaliza salio lako kabla hujampata fundi.

Ukivuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, kumbuka unahamia upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo ukizimia huko, ukingo wako ni wa kulia, na abiria washukie kulia. Saa ya huko iko nyuma kwa saa moja. Bima yako ya Uganda peke yake haitoshi. Chukua Yellow Card ya COMESA kabla ya safari.

Fundi akija kwa bodaboda, patana bei kabla hajafungua nati ya kwanza. Mpigie picha ya kilichoharibika umtumie kabla hajaondoka, aje na spea sahihi. Kile kilichong'olewa kibaki kwako. Ukivutwa kwa kamba, ufunguo uwe umefungua usukani, hazadi ziwake, na mwendo uwe wa polepole. Gari la otomatiki usilivute mbali magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Utaua giaboksi kwa kuokoa pesa ya breakdown.

Gari likistati tena, usiondoke hivi hivi. Rudi nyuma uchukue pembetatu, ondoa matawi, na usukumie mtaroni kila jiwe uliloweka chini ya tairi. Mwendesha bodaboda anayepita hapo saa mbili usiku hatayaona.